Liyombo wa Somanga

Kilwa Masoko,
12 Februari 2024

Babu yangu Ambrosi,

Shikamoo. Nimeamua kurudi kwenye karatasi, maana kukupigia simu kumekuwa kazi ya mimi kumpigia kelele bibi Tekla, naye akupigie kelele wewe, mwisho kila mtu anajibu swali lake mwenyewe. Barua hii anaileta Boniface wa lori la mbao. Ukiwa na jibu mpe yeye huyohuyo, anapita Lindi kila Jumatatu.

Uhamisho wangu umekamilika. Nimepewa historia, kidato cha tano, na mada ya muhula huu ni watu wenye asili ya Afrika kule Amerika: utumwa, vita vya kuukomesha, na mambo waliyoendelea kuyapigania baadaye. Harriet Tubman na Frederick Douglass wanafunzi wanawajua kwa kukariri kama majina ya mito. Nataka niwape watu wasiowajua. Nimewakumbuka wale dada wawili wa Kizungu uliokuwa ukitusimulia wakati wa kubangua korosho, Sara na Angelina Grimke. Nakumbuka walizaliwa kwenye nyumba yenye watumwa wakaikimbia. Zaidi ya hapo sikumbuki, na nadhani hata wewe hukuwahi kumaliza. Ulikuwa ukifika mahali fulani unasimama kwenda kuangalia mbuzi. Kile kitabu ulichoachiwa chuoni na mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika bado unacho? Niandikie basi muhtasari.

Jambo jingine ni dogo. Nilipoita majina siku ya kwanza nilikuta msichana anaitwa Samia Liyombo. Nikamwambia, "Na mimi ni Liyombo. Ninyi wa wapi?" Akasema, "Somanga, mwalimu." Nikamwambia Liyombo wote ninaowajua wapo Rondo. Akajibu, "Babu yangu anasema ametoka Rondo. Lakini Rondo wanasema hakutoka huko." Darasa lilicheka, yeye hakucheka. Je, tuna ndugu Somanga?

Mjukuu wako,
Antonia

---

Rondo,
25 Februari 2024

Mjukuu wangu Antonia,

Marahaba. Sisi wazima, ukiacha masikio yangu ambayo sasa yamestaafu kama mimi. Bibi yako anakusalimu.

Kitabu kipo, mchwa wamekula jalada tu. Muhtasari ni huu. Sara alizaliwa mwaka 1792 na Angelina 1805, katika mji wa Charleston, Karolina ya Kusini. Baba yao alikuwa jaji, mwenye mashamba na watumwa wengi. Sara alipokuwa mtoto alimfundisha kusoma msichana mtumwa aliyekuwa akimhudumia, akagombezwa vikali, maana sheria ya huko ilikataza. Walipokuwa watu wazima wote wawili walihamia kaskazini, wakajiunga na chama cha kupinga utumwa. Wakawa wanasimama mbele ya watu, wanaume kwa wanawake, na kueleza mambo waliyoyaona nyumbani kwao wenyewe. Hapo ndipo palikuwa na uzito. Wengine walihubiri juu ya utumwa wa watu wasiowajua. Hawa walitaja meza waliyolia chakula.

Wachungaji waliandika waraka kulaumu wanawake wanaohutubia. Sara akajibu kwa maandishi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume, na kwa njia hiyo mambo mawili yakafungwa pamoja, haki ya mtumwa na haki ya mwanamke. Mwaka 1838 Angelina alihutubia kamati ya bunge la jimbo la Massachusetts. Kabla yake hakuna mwanamke wa nchi ile anayejulikana kufanya hivyo. Wafundishe tarehe, lakini wafundishe pia kwamba mama yao mzazi alikuwa hai, na kwamba mjini kwao Angelina aliambiwa akirudi atakamatwa.

Hayo yanatosha kwa kipindi kimoja.

Kuhusu Liyombo, ni jina tu, lina watu wengi huku kusini. Usimhoji mtoto wa watu darasani. Mwalimu hapaswi kufanya hivyo.

Babu yako,
Ambrosi P. Liyombo

---

Kilwa Masoko,
9 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Nashukuru kwa muhtasari. Nimeufundisha, na wameuliza maswali kuliko mada yoyote. Samia aliuliza kama dada hao walikuwa na kaka, na kama kaka naye aliacha watumwa. Sikujua. Nikatafuta.

Sasa nimejua ulikuwa unasimama wapi ukaenda kuangalia mbuzi. Walikuwa na kaka anaitwa Henry. Mke wake alipofariki, Henry alizaa watoto watatu wa kiume na mtumwa wake, Nancy Weston. Alipokufa, watoto hao wakawa mali ya mwanawe mwingine, yaani mali ya ndugu yao wa baba mmoja. Vita vikaisha, utumwa ukaisha. Mwaka 1868 Angelina, mwanamke mwenye miaka zaidi ya sitini, alisoma gazetini habari za mwanafunzi mweusi hodari, jina lake la ukoo Grimke. Angeweza kufunga gazeti. Akamwandikia kijana barua kumuuliza yeye ni nani. Kijana akajibu waziwazi: mimi ni mtoto wa kaka yako. Angelina aliumwa kwa mshtuko, kisha akafunga safari, akaenda kuwaona yeye na mdogo wake, akawatambulisha kwa watu kuwa ni watoto wa kaka yake. Mmoja, Archibald, akawa mwanasheria na mtetezi mkubwa wa haki za watu wake. Mwingine, Francis, akawa mchungaji anayeheshimika.

Babu, kitabu chako kina sura hiyo. Lazima kiwe nayo. Kwa nini hukutusimulia?

Sikumhoji Samia darasani. Alinifuata mwenyewe ofisini, akaniambia jina la baba wa babu yake ni Hamisi wa Liyombo, na kwamba bibi mzaa Hamisi aliitwa Sikudhani. Nimempa barua ampelekee shangazi yake anayemlea. Nakwambia ili usije ukasikia kwa mwingine.

Antonia

---

Somanga,
20 Machi 2024

Kwa mwalimu Antonia,

Assalaam aleikum. Barua yako ameileta Samia. Mimi ni Mwanaima binti Fakihi, shangazi yake. Nina kibanda cha chakula hapa yanaposimama mabasi, nakaanga samaki, na mwezi huu mtukufu mchana natulia, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukujibu kwa urefu.

Umeniuliza kwa adabu kama najua baba alikotoka. Najua alivyonieleza. Babu wa baba alikuwa mzee Liyombo wa Rondo, mkulima mwenye nguvu zake. Alikuwa na mke wa ndoa. Pia alimnunua mtoto wa kike kwa watu waliokuwa wakipita na msafara kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wakati wa Wajerumani. Yule mtoto ndiye Sikudhani. Jina hilo si alilopewa na mama yake, la kwake hakuna anayelijua. Alipokua akamzalia mzee mtoto wa kiume, Hamisi, baba wa baba yangu. Mzee alipokufa, ukoo ukawaambia Sikudhani na Hamisi kwamba hawana sehemu pale. Wakateremka Kilwa. Baba alikuwa na miaka sita, akibebwa alipochoka.

Kisha mwaka 1974, wakati wa kuhamishiwa vijijini, nyumba ya baba ikabomolewa. Akaambiwa achague kijiji. Akasema atakwenda kwao. Akapanda Rondo na mama yangu, mimi nikiwa tumboni, miezi minane. Walikuta meza imewekwa nje ya shule, watu wanaandikwa viwanja. Mwandishi alikuwa mwalimu kijana, shati jeupe, kalamu ameichomeka sikioni. Baba akataja ukoo wake wote mpaka Sikudhani. Mwenyekiti akamgeukia mwalimu, "Mwalimu, huyu unamjua?" Mwalimu akasema, "Simjui."

Basi. Hawakupigwa wala kutukanwa. Baba alisema, "Sawa, mwalimu," wakateremka. Lori lilipofika Somanga mama akashikwa na uchungu, nikazaliwa hapa kwenye nyumba ya mtu asiyetujua. Ndiyo maana sisi ni watu wa Somanga. Mama hakupona vizuri baada ya uzazi ule, aliishi miaka sita tu.

Baba yuko hai. Ana miaka themanini na mbili, kifua kinamsumbua. Jina la yule mwalimu analijua lakini hajawahi kulitamka mbele yetu.

Samia ametusimulia habari za wale wanawake wa Amerika. Nina swali moja. Yule mama, Nancy, aliyewazaa wale vijana, je, naye aliandikiwa barua? Au waliandikiwa vijana kwa sababu walikuwa wamesoma?

Mwanaima Fakihi

---

Kilwa Masoko,
26 Machi 2024

Babu,

Naambatanisha barua ya Mwanaima binti Fakihi. Nimeisoma mara nyingi, sina cha kuongeza isipokuwa hili: mwaka 1974 shule ya Rondo ilikuwa na walimu wangapi?

Angelina hakujua mpaka aliposoma gazeti. Hilo ndilo linalonisumbua.

Antonia

---

Rondo,
30 Aprili 2024

Antonia,

Boniface amepita mara nne bila barua kutoka kwangu. Mara zote nne nilikuwa nimeandika, na mara zote nne nikaitia barua jikoni. Bibi yako alisema, "Hiyo ya tano ukiichoma, mimi nitamwandikia mjukuu wako mwenyewe, na unajua hati yangu." Nimeiandika hii akiwa amekaa mbele yangu.

Tulikuwa walimu watatu. Wawili walikuwa wanawake.

Ilikuwa mwezi wa Septemba. Meza ilikuwa ya darasa la sita, daftari lilikuwa langu. Marehemu baba yangu, Petri, alikuwa amenieleza mwaka 1971 kabla hajafa, tena kwa majina: Sikudhani, Hamisi, na mtoto Fakihi niliyekuwa nikila naye sahani moja tukiwa wadogo. Aliniambia, "Wakirudi, ni watu wetu." Kwa hiyo Fakihi alipotaja ukoo wake mbele ya meza, hakukosea hata jina moja. Mimi nilikuwa naona kama anasoma orodha ambayo tayari ninayo kichwani.

Hakuna aliyenitishia. Usinitafutie sababu hiyo. Nilikuwa na miaka thelathini, msomi wa kwanza wa ukoo, na watu wa chama wilayani walikuwa wamenitaja kwa cheo. Kila asubuhi watoto wangu wa shule walikuwa wanatamka kwa sauti kwamba binadamu wote ni ndugu. Nikaona nikisema namjua, kesho kijiji kizima kitasema babu yake mwalimu alinunua mtu. Pia kulikuwa na shamba la mikorosho la chini ya mlima, ambalo lingebidi likatwe. Nilipima yote mawili kwa muda wa kuchomoa kalamu sikioni, nikasema simjui.

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize sentensi. Mke wake alikuwa na beseni kichwani, hakulitua. Sikujua kama ana mimba kubwa kiasi kile. Nasema sikujua, lakini nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake.

Kitabu kile nilikisoma kabla ya hapo, chuoni. Sura ya mwisho nilikuwa nimeipigia mstari. Baada ya 1974 sikuifungua tena, na ninyi sikuwasimulia.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine. Mpelekee Fakihi. Isome kwanza kama unataka. Sijaifunga.

Ambrosi

---

Rondo,
30 Aprili 2024

Kwa kaka Fakihi wa Hamisi wa Liyombo,
Somanga.

Shikamoo.

Mimi ni Ambrosi wa Petri wa Liyombo. Mwaka 1974 uliniuliza mbele ya watu kama nakujua, nami nikasema sikujui. Nilikujua. Nilijua jina lako, la baba yako na la bibi yako Sikudhani, na nilijua kwamba una haki ya kuandikwa katika daftari lililokuwa mbele yangu.

Nimesoma katika barua ya binti yako mambo yaliyofuata. Siwezi kuyaandika kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Nikikaribishwa nitakuja Somanga. Nisipokaribishwa nitaelewa.

Mdogo wako,
Ambrosi

---

Kilwa Masoko,
28 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Barua yako kwa mzee Fakihi ilinifikia tarehe 3, na siku mbili baadaye mvua ikakata barabara Somanga. Mabasi yalilala njiani, abiria wakapikiwa na wanakijiji. Mwanaima aliniambia alikaanga samaki mpaka mafuta yakaisha. Nimekaa na bahasha yako mezani wiki tatu. Kusema kweli, kuna siku nilifurahi kwamba haipiti.

Jumamosi nikaenda. Gari lilinifikisha mpaka ambapo mafundi walikuwa wanajaza mawe, nikavuka kwa miguu. Sikuingia ndani kwa mzee. Nilimpa Mwanaima mkononi, nikamwambia ni ya nani. Alisimama na mwiko wa kugeuzia samaki, akauliza, "Ndiye?" Nikasema, "Ndiye. Ni babu yangu." Akanitazama, kisha akasema, "Basi kumbe wewe ni mtoto wetu. Kaa ule." Sikuweza kumaliza sahani.

Aliniuliza tena lile swali lake kuhusu Nancy Weston. Nimemwambia ukweli: sijui. Vitabu nilivyonavyo vinaeleza kwa urefu safari ya Angelina kwenda kuwaona vijana, na havisemi kama aliwahi kumwandikia mama yao. Mwanaima akasema, "Ndivyo nilivyodhani."

Antonia

---

Somanga,
6 Juni 2024

Kwa mwalimu Ambrosi,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu baba ameniagiza. Barua yako alisomewa na Samia, siku ya Jumapili, baada ya chai. Alipofika mahali ulipoandika "Nilikujua," baba akamwambia, "Soma tena hapo." Akasoma tena. Akamwambia, "Tena." Mara ya tatu Samia alikuwa analia, baba akamwambia aache, akaichukua karatasi akaitazama. Hajui kusoma. Akasema, "Hati yake nzuri. Hata siku ile alikuwa anaandika vizuri." Akageukia ukutani akalala.

Kwa siku nne hakuitaja. Siku ya tano, baada ya alasiri, aliniita akasema nikuandikie maneno haya, nisiongeze wala nisipunguze: "Mwambie asije Somanga. Somanga hawakunikana. Aende akaseme palepale aliposemea, mbele ya watu, kisha aniambie walivyojibu."

Hayo ndiyo yake. Yangu ni haya. Mimi nakaribia miaka hamsini. Miaka yote hii nilikuwa nakuwazia kama kijana wa shati jeupe, na nilikuwa nimekuandalia maneno mengi. Sasa naambiwa wewe ni mzee usiyesikia. Sijui nifanye nini na maneno yale. Labda siku moja nitakuandikia yote, utayasoma.

Mwanaima Fakihi

---

Rondo,
7 Julai 2024

Kwa kaka Fakihi, kwa mkono wa Mwanaima,

Shikamoo. Nimefanya ulivyoagiza. Naeleza kwa mpangilio.

Jumapili tarehe 30 Juni, baada ya misa, niliwaita watu wa ukoo shuleni. Jengo si lile, lakini uwanja ni uleule. Walikuja thelathini na mmoja, na majirani Waislamu waliokuwa wakipita nikawaomba wakae, kwa sababu siku ile nao walikuwepo. Kwa kuwa sisikii, nilimwomba Ignasi, mwalimu mkuu wa sasa, aandike ubaoni kila nitakaloulizwa. Nikasimama, nikataja majina kama ulivyoyataja wewe, kuanzia kwako mpaka kwa Sikudhani. Nikasema, "Huyu ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Mwaka 1974 niliulizwa, nikadanganya." Nikakaa.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Dominick, mtoto wa marehemu kaka yangu, ndiye msimamizi wa mambo ya ukoo. Ignasi akaandika: "Unataka tugawe nini?"

Nikajibu, "Mimi nagawa sehemu yangu. Nusu ya mikorosho ya chini ya mlima. Ya kwako sijaigusa."

Ignasi akaandika tena maneno yake: "Leo nusu yako, kesho watadai yote. Umezeeka, unataka kufa vizuri kwa gharama ya watoto wetu."

Hilo la kufa vizuri nililisoma mara mbili ubaoni. Nikamwambia huenda ni kweli, na kwamba hata ikiwa ni kweli, Fakihi bado ni ndugu yetu. Akatoka, na watu tisa wakamfuata.

Kisha akasimama Bi Flora, unaweza kuwa humkumbuki, alikuwa msichana mkubwa ninyi mlipoondoka. Sasa anatembelea fimbo mbili. Alizungumza kwa muda mrefu, chaki ya Ignasi ikawa haimfuati, mwisho akaandika kwa kifupi. Alisema Sikudhani alimkanda mguu ulipoteguka, siku tisa mfululizo, na kwamba alikuwa akiimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Kisha akasema jambo ambalo naliandika kama lilivyokuwa ubaoni:

"Sote tulijua. Tulikuuliza wewe kwa sababu ulikuwa msomi. Tulitaka ukatae kwa niaba yetu."

Kwa miaka hamsini nilidhani siri ile ni yangu peke yangu. Haikunipunguzia kitu. Naieleza kwa sababu ulitaka kujua walivyojibu.

Serikali ya kijiji imeandika nusu ya shamba kwa jina lako. Dominick hanisalimii. Waliobaki wanasema uje.

Mdogo wako,
Ambrosi

---

Somanga,
21 Julai 2024

Kwa Antonia,

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimepata salamu zako. Baba amesomewa barua ya Rondo. Safari hii hakusema "soma tena." Aliuliza tu kama Bi Flora yule ni yule aliyekuwa na meno ya mbele yaliyoachana. Samia akamwambia barua haisemi. Akasema, "Ni yeye."

Kisha akataka kofia yake mpya ifuliwe. Daktari wa zahanati anasema kifua chake hakipendi safari. Baba amemwambia kifua ni chake.

Mimi sitaki kwenda. Nakwambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia yeye. Naogopa kufika kule na kupokewa vizuri. Mama hakupokewa vizuri. Nikila chakula chao nikashiba, nitamwambia nini?

Shangazi yako,
Mwanaima

---

Rondo,
19 Agosti 2024

Mwanangu Antonia,

Naandika nikiwa huku Rondo, kwenye meza ya babu yako, kwa kalamu yake. Ulisema nikueleze kila kitu kwa kuwa shule haikukupa ruhusa.

Tulifika Jumatano. Huku juu kuna baridi ambayo sikuitegemea, baba amevaa koti la Ignasi. Babu yako alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi, bibi Tekla aliniambia alikataa kiti. Gari liliposimama alikuja mpaka mlangoni, akainama, akasema "Shikamoo kaka" kwa sauti kubwa mno, maana hasikii hata sauti yake mwenyewe. Nilidhani baba hatajibu. Akajibu, "Marahaba," lakini kwa sauti ya chini, na babu yako hakuisikia. Akabaki ameinama. Ikabidi baba amshike bega amwinue.

Sikuyasema maneno yangu. Nilimkuta mzee mwembamba, shati limefuliwa mpaka kola imelegea, akanimiminia chai. Siku ya pili aliniambia, "Najua una ya kuniambia. Yaandike." Nikaandika kurasa tatu. Nilimwandikia habari za mama: jina lake, alivyokuwa anacheka, alivyokufa, na kwamba beseni lile alilokuja nalo tulilitumia mpaka likatoboka. Akazisoma mbele yangu zote bila kuacha. Alipomaliza hakusema anaomba msamaha. Aliuliza amezikwa wapi, akaandika mahali hapo kwenye daftari lake. Nilifurahi kwamba hakusema lile la msamaha.

Shamba tumelikagua. Nimelikubali kwa ajili ya Samia na wadogo zake. Dominick alipita barabarani tukiwa kule, akatazama, akaendelea na safari yake. Mke wake ametuletea mihogo kupitia nyuma ya nyumba, akasema tusimwambie mumewe. Bi Flora na baba wamekaa mchana kutwa wakibishana juu ya nyumba ya Sikudhani ilikuwa upande gani wa kisima. Hawakukubaliana. Kwa hiyo bado hatujui.

Siku tatu za kwanza tulikuwa wageni. Kuku wawili wamechinjwa, baba analetewa maji ya kunawa, analetewa mto wa kuegemea, kila mtu anamwuliza amelalaje. Nilimwona anavyochoka. Aliniambia, "Jumapili tuondoke. Nimeona, basi."

Jumapili asubuhi bibi Tekla alichelewa kanisani, akapita mbio, akamtupia baba ungo wa kunde mapajani. Akamwambia, "Shemeji, menya hizo, nikirudi nizikute tayari," akaondoka bila kungoja jibu. Nilitaka kuzichukua mimi. Baba akanipiga mkono. Akaanza kumenya, huku anasema mwanamke huyu hana adabu, kunde zenyewe zimekauka, na kwamba Rondo nzima hakuna mtu anayejua kuchuma kunde kwa wakati. Alilalamika mpaka misa ikaisha. Maji ya kunawa hakuletewa na mtu. Akasimama, akaenda mtungini mwenyewe, akachota.

Gari la Lindi lilipopiga honi nikamwuliza kama nifunge mizigo. Akasema nisimsumbue, ungo bado haujaisha.

Shangazi yako,
Mwanaima